Soko la majaketi ya theluji: Mwenye fedha kidogo atazame upande wa ndani

WAFANYABIASHARA wa mitumba katika soko la Memorial mjini Moshi hawahitaji kufika Uswisi wala Austria ili wayajue majaketi ya skii, yaani yale yaliyoshonwa kwa ajili ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Majaketi hayo huwafuata yenyewe ndani ya marobota, yakiwa yamekwisha kuvaliwa na watu wa mbali, na huishia migongoni mwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, waendesha bodaboda na walinzi wa usiku.

Kwa mnunuzi wa aina hiyo, jaketi si pambo bali ni chombo cha kazi. Mpagazi aliyeloweshwa na mvua ya msituni mchana hulazimika kulala kambini akiwa na nguo mbichi, huku baridi ikiongezeka kwa kila hatua ya kupanda. Mwili uliolowa hupoteza joto upesi kuliko mwili mkavu, na huko juu hakuna duka la kubadilisha jaketi. Kwa muuzaji nako, jaketi bovu ni mtaji uliolala kwenye kamba.

Pamoja na tofauti zao, muuzaji na mnunuzi hukosea mahali pamoja. Wote hutazama nembo ya kifuani, rangi na unene. Lakini uwezo wa jaketi kuzuia maji hauko huko. Uko upande wa ndani, kwenye utando na mishono, na ndiko fedha kidogo inakotakiwa kuelekezwa.

ROBOTA MOJA, VIPANDE VICHACHE

Biashara ya mitumba nchini Tanzania ilipanuka baada ya Serikali kulegeza masharti ya uagizaji bidhaa mwaka 1984. Leo nguo nyingi hukusanywa Ulaya na Marekani, huchambuliwa huko huko au katika vituo vya nchi nyingine kama Falme za Kiarabu, kisha hufungwa kwa madaraja na kusafirishwa kwa meli hadi Afrika Mashariki.

Robota la kawaida huwa na uzito wa kilo 45. Hapo ndipo hesabu ya majaketi inapoachana na ya nguo nyingine. Fulana yenye uzito wa gramu 180 huingia vipande 250 katika robota hilo. Jaketi la skii lenye uzito wa kilo moja huingia vipande 45 tu. Vipande vitano vibovu kati ya fulana 250 ni asilimia 2, hasara inayovumilika. Vipande vitano vibovu kati ya majaketi 45 ni zaidi ya asilimia 11.

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyenunua robota kwa Sh 900,000. Kila jaketi limemgharimu Sh 20,000. Akigundua kuwa majaketi 10 hayafai kabisa, gharama halisi ya kila moja kati ya 35 yaliyobaki hupanda hadi Sh 25,700 hivi, kabla hajalipia usafiri, ushuru wa soko na msaidizi. Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo anayeweza kununua kwa kuchagua kipande kimoja kimoja kwa muuzaji wa jumla, hata kwa bei ya juu kidogo, mara nyingine huwa salama kuliko aliyefungua robota bila kujua kilichomo.

LIMESHONWA KWA AJILI YA NANI?

Jaketi la skii lilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye kiti cha kamba kinachompandisha mlimani katika upepo mkali, kisha akateremka kwa kasi na pengine kuanguka kwenye theluji. Theluji ya baridi kali ni kavu, na hukung'utwa kabla haijayeyuka. Ndiyo maana majaketi mengi ya skii hutilia mkazo joto na kuzuia upepo kuliko kuzuia mvua ya saa nyingi.

Alama zake ni rahisi kutambua. Ndani ya pindo la chini huwa na mkanda mpana wenye vifungo na mpira, ambao kazi yake ni kuzuia theluji isipande kiunoni mtu anapoanguka. Kwenye mkono wa kushoto mara nyingi huwa na mfuko mdogo wa zipu, ambao wateja wengi huuulizia. Huo ni wa kuwekea kadi ya kupandia kiti cha kamba. Kofia nayo huwa kubwa, kwa kuwa hutakiwa kufunika helmeti. Sifa hiyo ya mwisho humfaa sana mwendesha bodaboda.

Majaketi haya yako ya aina mbili kubwa. La kwanza ni lenye pamba ya poliesta au manyoya ya bata ndani. La pili ni ganda tupu, lisilo na kitu cha kuleta joto, ambalo huvaliwa juu ya sweta.

Kwa mlinzi anayekaa chini ya paa usiku kucha, lenye pamba linatosha hata kama haliwezi kuzuia mvua kubwa. Kwa mpagazi, ganda zuri ndilo lenye faida zaidi. Mtu aliyebeba mzigo wa kilo 20 hutoka jasho jingi chini ya pamba, na jasho hilo humlowesha kutoka ndani kama mvua inavyomlowesha kutoka nje. Akiwa na ganda, huongeza au kupunguza sweta kadiri ya baridi. Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto kubwa, lakini yakilowa hugandana na kupoteza joto hilo. Mwenye jaketi moja tu asiyategemee mvuani.

NAMBA ZA KWENYE LEBO

Baadhi ya majaketi huwa na lebo yenye namba kama 5,000, 10,000 au 20,000, zikifuatiwa na milimita. Namba hizo hutokana na kipimo cha maabara ambapo kitambaa hubanwa na shinikizo la maji. Milimita 10,000 maana yake ni kwamba kitambaa kilihimili shinikizo sawa na la safu ya maji yenye kimo cha mita 10 kabla ya kuanza kupitisha matone.

Kwa matumizi ya manyunyu na theluji kavu, 5,000 hutosha. Kwa mvua ya msitu wa Kilimanjaro, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei, 10,000 ni mahali pazuri pa kuanzia. Mikanda ya begi hukandamiza kitambaa mabegani, na shinikizo hilo husukuma maji ndani kuliko tone linaloanguka tu. Namba ya 20,000 ni nzuri zaidi, lakini mwenye fedha kidogo hana haja ya kuikimbilia ikiwa jaketi lenyewe limechakaa.

Namba ya pili, inayopimwa kwa gramu, huonyesha kiasi cha mvuke wa jasho kinachoweza kutoka katika mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Ikiwa juu, anayefanya kazi nzito hupata nafuu.

La kukumbuka ni kwamba namba zote hizo zilipimwa kitambaa kikiwa kipya. Kwenye mtumba ni historia ya jaketi, si hali yake ya leo.

UGONJWA WA NDANI

Majaketi mengi ya bei ya kati huzuia maji kwa msaada wa utando wa poliyurethani uliopakwa au kubandikwa nyuma ya kitambaa. Utando huo una adui wawili, unyevu na joto, ambao wakikutana huuvunja taratibu. Jaketi lililovaliwa msimu mmoja tu, kisha likakaa miaka 10 kabatini na baadaye likasafiri ndani ya kontena la moto, linaweza kuwa na kitambaa cha nje kinachong'aa huku utando wake umekufa.

Dalili zake zinajulikana. Ukigeuza jaketi nje ndani, utando uliokufa humenyuka kama ngozi iliyoungua jua, hudondosha unga mweupe, hunata vidoleni, au hutoa harufu kali ya uchachu ambayo haiondoki kwa kufua. Jaketi lenye bitana huficha ugonjwa huo, hivyo mnunuzi aangalie sehemu ambazo bitana haifiki, yaani ndani ya kofia, ndani ya mifuko, kwenye pindo la chini na ncha za mikono.

Utando wa aina nyingine ni ule uliotokana na ugunduzi wa Robert Gore wa Marekani mwaka 1969, ambao ulianza kuuzwa katika nguo za mvua mwaka 1976 kwa jina la Gore-Tex. Huo hauozi kwa unyevu kama poliyurethani, lakini gundi inayoushikilia inaweza kuachia. Kitambaa kikifanya mapovu au mikunjo kama rangi inayobanduka ukutani, gundi imeshindwa. Hakuna fundi wa mtaani anayeweza kulirudisha jaketi la namna hiyo.

Baada ya utando, zamu ni ya mishono. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, ndiyo maana jaketi la mvua hubandikwa utepe juu ya mshono kwa ndani. Majaketi bora huwa na utepe kwenye mishono yote. Mengi ya skii ya bei nafuu huwekewa utepe mabegani, shingoni na kwenye kofia pekee. Hayo hufaa kwa theluji, lakini mvua ya saa tatu itaingia kwa ubavuni. Utepe ulioanza kuinuka kwenye pembe unaweza kubandikwa upya kwa gundi ya mishono. Ulioachia urefu wote huashiria kwamba mingine iko njiani.

KULOWA SI KUVUJA

Hapa ndipo wauzaji wengi hupoteza fedha, na ndipo mjanja anapoipata.

Jaketi jipya likimwagiwa maji, matone hukimbia juu yake kama kwenye jani la mgomba. Kazi hiyo hufanywa na dawa iliyopakwa juu ya kitambaa cha nje, wala si utando wa ndani. Dawa hiyo huchoka kwa uchafu, mafuta ya mwili na sabuni. Ikichoka, kitambaa cha nje hunywa maji na kuwa kizito, na mteja husema jaketi linavuja. Pengine halivuji hata kidogo. Lililolowa ni ngozi ya nje tu, wakati utando bado mzima.

Kipimo kinaweza kufanyika sokoni kwa dakika 10. Kunja sehemu ya bega, ambako ndiko huchakaa zaidi, ifanye kama bakuli, weka tishu kavu upande wa ndani, kisha mimina nusu kikombe cha maji. Subiri, halafu kandamiza kwa kiganja. Tishu ikibaki kavu, jaketi ni zima hata kama kitambaa cha nje kimebadilika rangi kwa kulowa. Tishu ikilowa, mteja ashike njia yake. Kwa jaketi lenye bitana, tishu hupitishwa kwenye tundu la mfuko wa ndani au sehemu ya bitana iliyofumuka. Ikiwa hakuna tundu, bitana yenyewe ikaguliwe baada ya kukandamiza.

Jaketi lililolowa nje na kubaki kavu ndani ndilo mali iliyopunguzwa bei bila sababu. Mara nyingi hufufuka kwa kufuliwa vizuri na kupashwa joto.

ZIPU NA MABEGA

Mteja wa mwisho wa jaketi la mvua mara nyingi hulikataa kwa sababu ya zipu, si kwa sababu ya kitambaa. Zipu ipandishwe na kushushwa mara tano. Ikiwa meno yote yapo lakini huachana nyuma ya kichwa cha zipu, kilichochoka ni hicho kichwa, na fundi hukibadilisha kwa fedha kidogo. Ikiwa meno yamevunjika, au kile kipande cha chini kinachochomekwa kimekatika, hubidi zipu nzima ibadilishwe, na gharama yake iondolewe kwenye bei wakati wa kupatana. Herufi YKK, za kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934, ni dalili nzuri, ingawa nazo huigwa.

Mabegani na viwikoni, kitambaa kishikwe kuelekea juani. Kikionyesha mwanga kwa vitone, kimelika. Uimara wa uzi huandikwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa anayebeba begi, kitambaa cha nailoni cha denia 70 hudumu kuliko cha denia 20, hata kama hicho cha pili ni chepesi na cha kupendeza mkononi.

NEMBO NA BEI

Majaketi mapya ya bei ndogo yenye majina makubwa ya Marekani na Ulaya yamejaa kwenye maduka na meza za barabarani. Mnunuzi asitafute ukweli kwenye nembo bali kwenye mshono. Nguo ya mvua yenye jina la Gore-Tex hutakiwa kuwa na utepe kwenye mishono yote. Iliyo na jina hilo lakini ikageuzwa na kukutwa na mishono mitupu ni ya kutiliwa shaka, hata ikiwa mpya kabisa.

Kwa kiasi kile kile cha fedha, mtumba mzima wenye utepe mara nyingi humshinda mpya asiye nao. Lakini mpya wa jina lisilojulikana, mwenye mishono iliyofungwa na zipu nzuri, naye humshinda mtumba maarufu uliokufa ndani.

HESABU YA SAFARI

Bei ya jaketi la kazi hupimwa kwa safari, si kwa siku ya kununua. Tuseme mpagazi amenunua jaketi la Sh 20,000 ambalo utando wake umeanza kumenyuka, nalo likamsitiri kwa safari nne. Kila safari imemgharimu Sh 5,000, na bado lazima anunue jingine. Mwenzake amenunua la Sh 60,000, akalipa Sh 5,000 kurekebisha zipu, likamfikisha safari 26. Huyo ametumia Sh 2,500 kwa safari. Anayeonekana kununua kwa bei ghali ndiye aliyenunua kwa bei rahisi.

Tatizo ni kwamba wa kwanza hakuwa na Sh 65,000 siku hiyo. Kwa watu kama hao, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulioanza mwaka 2003, umekuwa ukiazima mavazi ya mlimani mjini Moshi bila malipo. Njia nyingine ni muuzaji na mteja kuelewana juu ya malipo ya awamu, jambo ambalo humpa muuzaji mteja wa kudumu. Mwekezaji mdogo anaweza pia kukodisha majaketi machache mazima kwa safari moja moja, mradi ayakague kila yanaporudi.

Muuzaji aliyekuta majaketi yaliyokufa katika robota lake naye ana njia ya halali. Ayatenge na kuyauza kwa jina lake, kuwa ni ya upepo na baridi, si ya mvua. Mlinzi na muuza kahawa watayanunua. Akimpa mpagazi jaketi hilo kwa jina la mvua atapata faida ya siku moja, na habari hiyo itateremka mlimani pamoja na mteja.

MATUNZO HUONGEZA UMRI

Jaketi lisilopitisha maji hufuliwa kwa mkono au mashine kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, kisha husuuzwa mara mbili au tatu hadi povu liishe. Jiki na dawa za kulainisha nguo zisiguse, kwa kuwa huharibu dawa ya juu na kuziba matundu ya kutolea jasho. Lianikwe kivulini. Likikauka, na ikiwa lebo inaruhusu, lipitishwe pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kingine bila mvuke, ili joto liamshe dawa iliyolala. Zipu ipakwe mshumaa. Baada ya hapo litundikwe mahali penye hewa, lisikunjwe likiwa bichi ndani ya mfuko wa plastiki, maana huko ndiko utando hufia.

MWELEKEO WA SOKO

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa na mwenye mtaji katika bidhaa hii. La kwanza ni siasa ya biashara. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliokutana Arusha walikusudia kupunguza uagizaji wa mitumba hadi kuuondoa. Marekani ilipinga, na mwaka 2018 ilisimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda, nchi iliyoshikilia msimamo wake. Nchi nyingine zililegeza, lakini anayeweka akiba yake yote kwenye marobota akumbuke kwamba ushuru unaweza kubadilika.

La pili ni dawa zenyewe. Dawa za kuzuia maji za miaka mingi zilitokana na kemikali za jamii ya PFAS, ambazo haziozi katika mazingira. Jimbo la California lilianza kuzizuia katika nguo mpya mwaka 2025, ingawa mavazi ya mvua kali yalipewa muda hadi 2028, na Ufaransa ikafuata kwa sheria iliyoanza Januari 2026. Majaketi yenye dawa mpya yataingia kwenye marobota ya miaka ijayo. Dawa hizo hukimbiza maji vizuri, lakini hazikimbizi mafuta kama za zamani, hivyo huchafuka upesi na kutaka kufuliwa mara kwa mara. Majaketi yanayolowa nje huku yakiwa mazima ndani yataongezeka sokoni.

Atakayeendelea kuyapima kwa macho atayauza kwa bei ya hasara. Mwenye tishu, nusu kikombe cha maji na dakika 10 atayanunua kwa bei hiyo hiyo, na mpagazi atakayemuuzia atafika kambini akiwa mkavu.